Simu ya Mkononi Ndani ya Ndege: Kwa Nini Tunaambiwa Tuizime, na Hatari Iliyojificha Kwenye Betri



Ndugu msomaji, kila unapokaribia msimu wa Hija, na siku hizi hata nje ya msimu kwa wale wanaokwenda Umra, wazee wetu wengi hupita kwetu kupimwa presha na sukari kabla ya safari. Baada ya kuuliza habari za dawa na chanjo, huuliza pia swali ambalo zamani halikuwepo: "Daktari, na hii simu nayo niifanyeje nikishapanda ndege?"

Swali ni zuri, lakini majibu yanayozunguka mitaani ni ya kila aina. Wapo wanaosema kuwa simu moja tu ikiachwa wazi ndege huanguka. Wapo wanaosema hizo ni mbwembwe za wahudumu wa ndege, kwani fulani hakuzima yake na alifika salama. Wote hao wamekosea. Lakini aliye katika hatari zaidi ni yule anayezima simu yake kwa utiifu wote, huku katika begi alilokabidhi kaunta ameacha pawabenki tatu, moja yake ikiwa imeshaanza kuvimba.

Kwa hiyo leo, inshaallah, tutaeleza mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mawimbi ya simu, ambayo ndiyo sababu ya kuambiwa tuizime. La pili ni betri ya simu, ambayo haizimiki kwa kubonyeza kitufe, na ndiyo inayowatia wasiwasi zaidi watu wa usalama wa ndege hivi sasa.

SIMU HUFANYA NINI IKIWA IMEWASHWA?

Simu ya mkononi ni redio ndogo yenye kupokea na kutuma mawimbi. Hata kama hupigi wala hupigiwi, simu yako kila baada ya muda huwasiliana na mnara ili mtandao ujue ulipo. Ikiwa karibu na mnara hutumia nguvu kidogo. Ikiwa mbali huongeza nguvu, mfano wa mtu anayepaza sauti kumwita mwenzake ng'ambo ya mto. Simu ya mfumo wa GSM inaweza kupandisha nguvu zake hadi wati 2.

Wengi wetu tumewahi kusikia athari ya mawimbi hayo majumbani. Umeweka simu juu ya redio, unasikiliza mawaidha, mara spika inaanza kulia "ti-ti-ti, ti-ti-ti", na sekunde chache baadaye simu inaita. Hakuna aliyeigusa redio. Ni mawimbi ya simu yaliyoingia katika nyaya zake.

Sasa mfikirie rubani aliyevaa spika masikioni, akipokea maelekezo kutoka kwa waongoza ndege walio uwanjani. Anaambiwa ashuke hadi urefu fulani, ageuke upande fulani, asubiri ndege nyingine ipite. Mlio kama ule wa redio ukiingia katikati ya namba aliyokuwa akitajiwa, itabidi aombe kurudiwa, na huo ndio wakati anaohitaji utulivu kuliko wakati wote. Isitoshe, ndege ina vipokezi vinavyomwongoza rubani kuteremka kwenye njia ya kutulia hata kukiwa na ukungu. Mawimbi yanayopokelewa na vifaa hivyo ni hafifu.

Ni kweli kwamba mafundi wanaotengeneza ndege huzikinga nyaya zake, na simu hazitumii masafa yaleyale ya vifaa hivyo. Ndiyo maana simu iliyosahauliwa katika mkoba haiangushi ndege. Lakini katika ndege kunaweza kuwa na abiria 180, na pengine kila mmoja ana simu moja au mbili, mpya kwa mbovu, nyingine zimeshafunguliwa na mafundi wa mitaani mara kadhaa. Watu wa usalama hawaangalii simu moja nzima, bali huangalia zote kwa pamoja, na huangalia siku ile ambayo mvua, giza na uchovu wa rubani vimekutana.

Mwaka 2003 huko Christchurch, New Zealand, ndege ndogo ilianguka ikijaribu kutua katika giza na mawingu, na watu 8 kati ya 10 waliokuwemo wakafariki. Wachunguzi waligundua kwamba simu ya rubani mwenyewe ilikuwa hewani katika dakika za mwisho. Walisema inawezekana ilivuruga vipimo vyake, ingawa hawakuweza kuthibitisha. Jambo la namna hiyo, lenye uwezekano mdogo lakini lenye madhara yasiyorekebishika, huepukwa. Madrasani tulifundishwa kuwa kuondoa madhara ni katika misingi ya sheria yetu, na hatungoji mpaka madhara yatokee ndipo tuanze kujihadhari.

MINARA YA CHINI NAYO HUPATA TABU

Ipo sababu nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Mitandao ya simu imejengwa kwa ajili ya watu walio ardhini. Simu iliyo Tanga mjini huona minara michache ya jirani. Simu iliyo angani huweza kuonekana na minara mingi kwa mpigo mmoja, tena inapita kwa mwendo wa kilomita 800 au 900 kwa saa. Minara hubaki ikipokezana simu hiyo kama mpira usio na mwenyewe.

Kwa sababu hiyo Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilipiga marufuku mwaka 1991 simu za mkononi kutumika ndege ikiwa angani. Marufuku hiyo ililenga kulinda mitandao ya ardhini. Mwaka 2013 ilitolewa rai ya kuilegeza, lakini rai hiyo haikupita na mwaka 2020 iliwekwa kando.

KANUNI ZIMEBADILIKA, LAKINI HAZIJAONDOKA

Msafiri anaweza kuuliza: mbona mwanangu anayefanya kazi Dubai hunitumia ujumbe akiwa angani? Jibu ni kwamba baadhi ya ndege zimewekewa kituo chake kidogo cha mawasiliano. Tarehe 20 Machi 2008 shirika la Emirates lilianza kuruhusu abiria kupiga simu zao angani, katika safari ya kutoka Dubai kwenda Casablanca, Morocco. Katika mpango wa namna hiyo simu huongea na kituo kilichomo ndani ya ndege, hivyo hutumia nguvu ndogo sana, na kituo ndicho kinachopeleka mawasiliano kwa njia ya setilaiti.

Mwishoni mwa Oktoba 2013 Marekani iliruhusu simu na kompyuta ndogo zitumike muda wote wa safari, zikiwa zimewekwa katika hali ya ndegeni. Mwaka 2014 Ulaya ikaenda mbele zaidi, ikayaachia mashirika yenyewe yaamue baada ya kuzipima ndege zao.

Lakini Januari 2022 mjadala ukarudi kwa mlango mwingine. Mitandao ya 5G ya Marekani ilikuwa ikiwashwa katika masafa yaliyo karibu na yale ya kipimo kinachomwambia rubani yuko umbali gani kutoka ardhini. Emirates na mashirika mengine yalisitisha kwa muda safari za kwenda baadhi ya miji ya nchi hiyo, hadi minara iliyo karibu na viwanja ilipowekewa masharti, na baadaye vipimo vya ndege vikaboreshwa. Kwa hiyo anayesema kuwa mawimbi hayana lolote kwa ndege, amwulize aliyekosa safari yake mwezi ule.

Natija ya maelezo yote haya ni fupi. Ndege hazifanani na mashirika hayafanani. Unayepaswa kumsikiliza ni mhudumu wa ndege uliyoipanda leo, wala si jirani aliyepanda ndege nyingine mwaka jana. Tiketi uliyoinunua ni mkataba, na ndani yake umekubali kufuata maelekezo ya usalama. Muislamu hutimiza sharti alilolikubali, hata kama hakuna anayemuona.

HALI YA NDEGENI NI NINI?

Katika simu nyingi kuna alama ya kijindege. Ukiibonyeza, simu huacha kuzungumza na minara, lakini huendelea kuwaka. Msahafu uliopakuliwa mapema utafunguka, na mawaidha uliyoyahifadhi utayasikiliza kwa spika za masikioni bila kumuudhi jirani. Kupokea mawimbi ya setilaiti za GPS pia hakuzuiwi na hali hiyo, maana hapo simu inapokea tu na haitumi. Ila uwe mwangalifu na dira ya kibla ndani ya ndege, kwa sababu chuma na nyaya huweza kuipotosha sindano yake. Saa za sala nazo huweza kukosea, kwa kuwa simu haijapata habari kwamba umeshavuka nchi. Muulize mhudumu au kiongozi wa msafara.

Ukishaweka hali ya ndegeni, na mhudumu akiruhusu, unaweza kuwasha waifai ya ndege au Bluetooth peke yake. Nguvu za hizo ni ndogo. Lakini ukiiacha laini yako wazi katika ndege yenye kituo chake, simu inaweza kujiunga yenyewe kwa bei za ugenini, na salio au bili ikakupandisha presha kabla hujafika Jeddah.

Mzee asiyeweza kuitafuta alama hiyo asihangaike. Na aizime simu kabisa, basi. Vijana wa nyumbani wamfundishe kuizima na kuiwasha siku kadhaa kabla ya safari, si pale mlangoni pa ndege watu wakiwa nyuma yake wanamsukuma.

JE, MIONZI YA SIMU NDANI YA NDEGE HUUMIZA MWILI?

Akina mama wajawazito huuliza sana jambo hili. Mawimbi ya simu si kama mionzi ya eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za uzazi zilizomo mwilini. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa sababu ushahidi ulikuwa mchache na haukutosha kukata shauri. Mwaka 2024 mapitio makubwa ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika hilo hayakuona uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo.

Pamoja na hayo, simu inayotafuta mnara bila kuupata hutumia nguvu nyingi, hupata joto na humaliza chaji. Ukiiweka katika hali ya ndegeni unaupumzisha mwili wako na betri yake kwa pamoja.

Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kilichopandikizwa kifuani aiweke simu umbali wa angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa hicho, angani na ardhini. Asiiweke katika mfuko wa kanzu wa kifuani.

HATARI KUBWA ZAIDI NI BETRI

Sasa tuje kwenye jambo la pili, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Tarehe 5 Oktoba 2016, katika uwanja wa Louisville, Marekani, abiria walikuwa wameshakaa tayari kwa safari. Simu ya mmoja wao, aina ya Samsung Galaxy Note 7, ikaanza kufuka moshi, na ikabidi watu wote washushwe. Mwenye simu alieleza kwamba alikuwa ameshaizima kama alivyoagizwa. Mwezi huohuo simu za aina hiyo zikapigwa marufuku katika ndege zote za Marekani, na kampuni ikaacha kuzitengeneza.

Angalia hapo, ndugu msomaji. Simu ilikuwa imezimwa, na bado ikawaka. Kuzima simu hunyamazisha mawimbi yake, lakini nguvu iliyomo ndani ya betri inabaki palepale.

Betri za simu na pawabenki ni za madini ya lithiamu. Ndani yake kuna pande mbili zenye nguvu nyingi, zimetenganishwa na utando mwembamba sana. Utando huo ukitobolewa, ukibanwa, ukiunguzwa na chaji isiyo sahihi, au ukiwa mbovu tangu kiwandani, pande hizo hugusana. Joto hupanda, joto hilo huzaa joto jingine, na kila chumba cha betri huwasha chumba cha jirani yake. Unaweza kudhani umeuzima moto, kumbe ndani bado unaendelea, na baada ya muda ukalipuka tena. Moshi wake una sumu, ikiwemo gesi ya haidrojeni floraidi inayochoma macho, koo na mapafu.

Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya kampuni ya UPS iliruka kutoka Dubai ikiwa na shehena iliyokuwa na betri nyingi za lithiamu. Dakika 22 baadaye kengele ya moto ikalia. Moshi ukajaa chumba cha marubani hata wasiweze kuona vipimo vyao. Walijaribu kurudi Dubai, lakini ndege ikaanguka na wote wawili wakafariki. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena zimekatazwa katika ndege za abiria duniani kote.

Na tarehe 28 Januari 2025, katika uwanja wa Gimhae, Busan, Korea Kusini, ndege ya Air Busan iliwaka moto ikiwa bado ardhini, paa lake likaungua. Watu wote 176 walitoka hai. Wachunguzi walieleza kuwa chanzo kinachoshukiwa ni pawabenki iliyokuwa katika kabati la mizigo lililo juu ya viti.

PAWABENKI IKAE WAPI?

Pawabenki na betri yoyote ya akiba haiwekwi katika begi la kukabidhi kaunta. Huwekwa katika mkoba unaoingia nao ndani ya ndege. Wengi hudhani ni kinyume chake, kwamba kitu cha hatari kiwekwe mbali na watu. Lakini betri ikifuka ndani, kuna macho ya kuiona, kuna mhudumu aliyefundishwa na kuna maji. Ikiwaka chini kwenye mizigo hakuna wa kuifikia, na dawa ya kuzimia moto iliyoko huko haitoshi kuzuia joto la betri ya lithiamu lisiendelee.

Kanuni za kimataifa hutumia kipimo cha wati-saa, ambacho hufupishwa Wh. Isiyozidi Wh 100 huruhusiwa. Kati ya Wh 100 na 160 huhitaji ruhusa ya shirika. Zaidi ya 160 haipandi. Kama imeandikwa mAh tu, zidisha namba hiyo kwa volti 3.7 kisha ugawe kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 ni Wh 74, hiyo inapita. Ya mAh 30,000 ni Wh 111, omba ruhusa kwanza. Ya mAh 50,000 ni Wh 185, iache nyumbani. Ile isiyo na maandishi yoyote inaweza kuchukuliwa na wakaguzi, na wana haki ya kuichukua.

Mashirika mengine yameweka masharti makali zaidi. Emirates, kwa mfano, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, isiyozidi Wh 100. Haitumiki ndani ya ndege, haichajiwi humo, wala haiwekwi katika kabati la juu. Uliza shirika lako kabla ya safari.

Jihadhari pia na jambo moja linalowapata wengi. Ndege ikijaa, mhudumu anaweza kuuchukua mkoba wako mlangoni ili upelekwe chini na mizigo mingine. Kabla hujaukabidhi, toa pawabenki, simu na dawa zako.

Na kwa wale wanaobebeshwa mizigo ya watu, simu tano za fulani, pawabenki za duka la fulani: usibebe usichokijua. Ukiulizwa kaunta kama mzigo ni wako nawe ukasema ndiyo, umeshajibu kwa niaba ya roho zote zilizomo ndani ya ndege ile.

Betri iliyovimba, iliyowahi kuingia maji, au inayopata joto bila kutumika, isisafiri kabisa. Usiitoboe kwa sindano kutoa hewa kama wafanyavyo baadhi ya watu.

SIMU, IHRAM NA KITI CHA NDEGE

Mahujaji wanaume wengi huvaa ihram kabla ya kupanda ndege au kabla ya kuvuka miqaat. Ihram haina mifuko. Hivyo simu huwekwa mapajani, na msafiri akisinzia huteleza ikaingia katika upenyo wa kiti. Akiamka, jambo la kwanza ni kukilaza kiti au kukisogeza ili aitafute. Hapo ndipo chuma cha kiti huibana simu na kuipasua betri.

Simu ikikuangukia kitini usiguse kitufe cha kiti. Kaa ulivyo, mwite mhudumu, naye ataitoa.

Kuhusu mkanda wa ihram wenye vifuko, usiweke humo simu na pawabenki zikiwa zimeunganishwa zinachajiana juu ya tumbo. Joto halina pa kutokea, na ngozi ya mzee mwenye kisukari huweza kuungua bila mwenyewe kusikia maumivu mapema.

BETRI IKIANZA KUFUKA

Dalili za mwanzo ni joto kali, kuvimba, harufu kali ya dawa na sauti ya kuvuvumka. Chukua hatua hizi:

1. Itupe mkononi mara moja, na paza sauti kumwita mhudumu. Usione haya.

2. Usiifunike kwa nguo, blanketi au mto. Unalizuia joto lisitoke.

3. Wahudumu wana kifaa cha kuzimia moto. Baada ya hapo betri humwagiwa maji mengi ili ipoe. Kama mhudumu hajafika na moto upo mbele yako, maji ya kunywa, soda au juisi hufaa. Barafu haifai, kwani hulizuia joto lisitoke ndani.

4. Sogea mbali na moshi, inama chini, ziba pua na mdomo kwa kitambaa, kilicholoweshwa kikipatikana. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mkononi, si katika kabati la juu.

5. Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Pete na saa zivuliwe kabla hapajavimba. Usimpake dawa ya mswaki, mafuta, yai wala asali. Katika dakika hizo za mwanzo tiba ni maji. Kisha funika kwa kitambaa safi.

6. Aliyevuta moshi amuone tabibu akitua, hata kama anajisikia nafuu. Mapafu huweza kubadilika saa kadhaa baadaye.

USAFI WA SIMU SAFARINI

Simu hushikwa na mkono uliogusa kiti, mkanda, meza ya chakula na mlango wa choo, kisha huwekwa shavuni karibu na mdomo. Unaweza kunawa vizuri kabisa, ukaishika simu chafu, na kunawa kwako kukawa bure. Mahujaji wengi hupata mafua na kikohozi, na njia mojawapo ya vijidudu ni hii.

Usiingie na simu chooni ndani ya ndege. Mwenye kutaka kuchukua udhu amwachie mwenzake aliye naye safarini. Simu iliyoanguka majini usiichaji. Ukitaka kuisafisha, izime, tumia kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji ya sabuni au dawa ya kuua vijidudu, kisha ikauke kabla ya kuiwasha. Usimwagie dawa moja kwa moja.

NA WALIOBAKI NYUMBANI?

Hapa nina neno kwa familia. Baba ameondoka alfajiri, mama anapiga simu, anajibiwa kuwa namba haipatikani. Anapiga tena. Kufika adhuhuri moyo unamwenda mbio, na presha aliyokuwa ameidhibiti kwa miezi imepanda. Wakati huohuo baba ametulia angani na amefanya alivyoagizwa.

Kabla ya safari andikeni namba ya ndege, saa ya kuondoka, saa ya kufika na namba ya kiongozi wa msafara, na karatasi hiyo ibaki nyumbani. Mwambieni mama kwamba simu itafungwa kwa saa kadhaa, na kwamba baada ya kutua kuna ukaguzi na foleni ndefu. Kutopatikana kwa simu saa hizo ni dalili ya utiifu, si dalili ya msiba.

Msafiri naye awe na karatasi yake mfukoni: namba za simu za ndugu, majina ya dawa zake na vipimo vyake, na maradhi aliyonayo. Simu ikizima au ikipotea, karatasi itamsemea. Akijisikia vibaya angani asitafute mtandao ili ampigie mtoto wake aliye Dar es Salaam. Amwambie mhudumu aliye hatua tano kutoka kwake.

Ndugu msomaji, safari ya ibada huanza na nia na matayarisho. Tunakagua pasi, tunakagua chanjo, tunakagua ihram. Usiku wa kuamkia safari tukague na simu: betri haijavimba, pawabenki imo katika mkoba wa mkononi, na mzee anajua kuizima. Kazi hiyo haimalizi dakika kumi, na huenda ikawa sababu ya watu wengi kufika salama.

Tunamuomba Allah (S.W.) awafikishe wasafiri wetu salama, azikubali ibada zao na awarudishe kwa familia zao wakiwa na afya njema.

Wabillahi tawfiq.